Asiyetaniwa Hayumo

Ofisi kuu ya timu yetu ilikuwa ndani ya gari la dobi. Timu nyingine za ligi zina vyumba vyenye meza ndefu na vikombe vimepangwa kabatini. Sisi tulikuwa na Hiace nyeupe ya kampuni ninayoifanyia kazi. Siku sita za wiki inabeba mashuka ya mahoteli. Siku ya saba, Ijumaa, ilibeba kamati ya ufundi. Nikitoka kuswali naipeleka Mesaimeer, kwenye maegesho ya makanisa, nawasha kiyoyozi mpaka mwisho, nasubiri wenzangu watoke ibadani. Mwezi wa saba Doha hufanyi kikao nje. Ukijaribu, ajenda ya kwanza inakuwa kuzirai.

Kamati ilikuwa na watu watatu. Mwenyekiti alikuwa Edith, Mkisii, msimamizi wa vyumba katika hoteli moja, mwanamke ambaye akikutazama mara moja unakumbuka kwamba hukutandika kitanda. Kocha alikuwa Mzee Nahashon, mlinzi, mtu wa Meru, umri miaka hamsini na saba, na kumi na sita kati ya hiyo kaimalizia hapa. Yeye ndiye aliyeianzisha timu, na ndiye aliyekuwa mdakaji wetu: yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, glavu nene mkononi na barakoa ya chuma usoni, anapokea kila mpira ambao mpigaji ameukosa. Katibu nilikuwa mimi, Idrisa, mtoto wa Temeke, kidato cha nne, daraja la ngapi tusiulizane.

Najua unajiuliza, Waafrika Mashariki na besiboli wapi na wapi? Mimi nilifundishwa sekondari na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani. Nahashon alifundishwa kwao na padri mmoja mgeni. Waliobaki tuliwafundisha wenyewe, kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya kambi za Industrial Area, na tukajiita Nyuki.

Ligi inachezwa Novemba mpaka Machi. Miezi ya joto hakuna mechi, na hapo ndipo timu inapojengwa au inapobomoka. Kila timu hupeleka majina kumi na sita, mwisho Alhamisi ya mwisho ya Septemba. Jina likishapelekwa halibadilishwi. Asiye kwenye orodha havuki uzio wa kiwanja, hata kubeba maji.

Msimu uliopita tuliaibika. Watu watano waliondoka katikati ya ligi, na hakuna aliyeaga. Huku watu hawaagi. Mtu mkataba umekatwa, anasema, "Naenda likizo, tutaonana," kwa aibu au kwa kuogopa macho ya watu, nawe unaujua ukweli ukiona kabeba mpaka blanketi. Mechi ya mwisho tulisimama watu wanane, na sheria inataka tisa. Tukanyang'anywa mechi tukiwa na jezi mwilini. Nahashon alikaa juu ya ndoo akanitazama juu mpaka chini.

"Idrisa," akasema, "si ujipasue mara mbili? Nusu yako haina kazi yoyote."

Basi mwezi wa saba nikawaletea mkakati.

"Miaka yote tumesajili mikono," nikasema. "Mwaka huu tusajili mikataba."

"Ati nini?" Edith akauliza.

"Kila mchezaji alete picha ya aidii yake, kile kitambulisho cha ukaazi kinachokwenda na mkataba. Inayoisha baada ya Machi, tunampa kijani. Inayoisha kabla, nyekundu. Nyekundu hasajiliwi, hata kama anarusha mpira unaangukia Saudia."

Nahashon alicheka mpaka akafuta macho. "Dobi, hiyo ni akili! Mimi nilidhani hicho kichwa ulipewa cha kuwekea kofia. Napitisha."

"Asante, babu."

"Usiniite babu. Na usiniambie asante. Nyinyi watu wa Dar mna ugonjwa. Naomba, samahani, tafadhali, asante. Mtu anakanyagwa mguu, na ni yeye anasema samahani! Hayo maneno mimi huwawekea wageni."

Ndivyo tulivyoishi, mimi na yule mzee. Sikumbuki siku aliyonisalimia bila kunitukana kidogo, na siku asiponitukana nilikuwa namuuliza kama anaumwa.

Utani ulikuwa ndio sheria ya timu, na mwenye kuitunga ni yeye. Mwaka wa kwanza alishindwa kuwaita watu pembeni kuwaambia wameachwa. Akaanzisha kitu tunachokiita kusomwa. Ijumaa inayofuata baada ya orodha kwenda, wote tunakutana mkahawani Abu Hamour, ghorofa ya juu, biriani na chai ya karak, katibu anasimama. Hasomi karatasi. Anamtania mtu mmoja baada ya mwingine, na kila anayetaniwa yumo. Asiyetaniwa hayumo. Hakuna anayeitwa pembeni, hakuna anayepewa pole. Unakunywa chai yako, unacheka na wenzako, unaondoka na jibu lako. Mimi mwenyewe, kwa kuwa ndiye msemaji, nilikuwa nataniwa na Nahashon mwishoni.

Nikafanya kazi joto lote. Nikampata Vuai, Mzanzibari, mpishi, mwenye kijani cha mwaka na nusu. Laban, dereva, akaongezewa mkataba, nikamsogeza kutoka nyekundu kwenda kijani kwa sherehe ya soda. Kevin, kijana wa Kayole, mlinzi mpya, nilimvumbua kambini: mwenzake wa jengo la pili alitaka sabuni, Kevin akairusha kutoka dirishani kwake ikaingia dirishani kwa yule bila kugusa fremu. Nikapanda ngazi mbio kumtafuta. Miaka ishirini na nne, mkataba wa miaka miwili, mkono kama wa manati. Na alipojaribishwa, nafasi iliyomkaa vizuri kuliko zote ilikuwa ya udakaji.

Katikati ya Septemba nilikuwa na kijani kumi na tano. Ilibaki nafasi moja, ya mdakaji.

Ijumaa hiyo Nahashon aliingia garini, akafunga mlango, akatoa aidii yake akaiweka juu ya dashibodi kama mtu anayelaza karata. Inaisha tarehe ishirini Januari.

"Kampuni wataongeza," nikasema. "Si wameongeza miaka yote?"

"Hawaongezi. Barua nimepewa. Kila aliyepita hamsini na tano anaenda nyumbani. Tumeambiwa tuchague, tikiti ya Oktoba ama umalize mpaka Januari."

Edith akageuka kutoka kiti cha mbele. "Mzee, na hukusema?"

"Nasema sasa. Sheria ni sheria, na nilipitisha mwenyewe, kwa hivyo sitaki huruma. Lakini nisikizeni. Mama yangu ako na miaka themanini na nane. Kila Jumapili tukiongea ni swali moja, unakuja lini, kitanda chako nimetandika. Kama siko kwa timu, nachukua Oktoba, naenda kukaa na yeye. Kama niko, nacheza mpaka Januari, nimwambie asubiri kidogo. Amesubiri miaka kumi na sita. Miezi mitatu ni nini?"

"Basi tuamue, ujue leo," Edith akasema.

"La. Sitaki kuambiwa kando kama mtu amefiwa. Nitajua siku ya kusomwa kama kila mtu. Dobi akinitania, nabaki. Akininyamazia, naenda kwa mama. Kuna ugumu hapo?"

Akashuka ili tuamue bila yeye. Magoti yake yalilia wakati wa kukanyaga chini. Akaenda kusimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta, kofia mkononi, jua limemfikia mpaka kiunoni.

"Tumuweke," Edith akasema. "Ni timu yake."

"Na Februari? Mipira atadaka nani?"

"Idrisa."

"Dada Edith, mwaka jana tulikuwa wanane. Yeye mwenyewe ndiye atakayecheka tukifanya tena kosa lile."

Alimtazama mzee pale ukutani. Kisha akasema, "Basi andika. Lakini siku ile unyamaze kweli. Usimchezee."

Nikaandika Kevin. Alhamisi iliyofuata nikaituma orodha, saa sita mchana, nikiwa nimeegesha nyuma ya hoteli, mashuka yakisubiri. Nakumbuka nilijisifu. Timu nzima kijani.

Ijumaa tukajaa mkahawani. Nikasimama, nikaanza.

"Laban! Akikimbia kwenda besi ya kwanza tunamfungia chakula cha njiani."

Vicheko.

"Vuai! Alikosa mipira mitatu mfululizo, akasema ni upepo. Tulikuwa ndani ya ukumbi."

"Wallahi kulikuwa na feni!" Vuai akapiga kelele.

Nikaendelea hivyo, wa saba, wa kumi, wa kumi na tatu. Nahashon alikuwa pembe ya meza, kanyoa ndevu, kavaa shati la kanisani. Alicheka kila utani kwa sauti kuliko mwenyewe aliyetaniwa. Wa kumi na tano alikuwa Kevin; wa kumi na sita nilikuwa mimi mwenyewe.

"Kevin! Mkataba wake mbichi mpaka unadondosha maji. Ukimkumbatia unasikia harufu ya ndege."

"Aah, katibu, umenimaliza bana!"

Hapo ilikuwa mwisho. Ilibaki nikae. Hakuna aliyekuwa akihesabu ila Edith, na Nahashon hakuhesabu kwa sababu hakudhani kuna haja. Alikuwa ameshauweka uso tayari, kidevu juu kidogo, tabasamu limeshaanza upande mmoja, kama mtu aliyekaa mbele ya kamera anasubiri kupigwa picha. Wenzangu nao wakamgeukia. Kila mwaka utani wake ndio ulikuwa wa mwisho na ndio uliokuwa mkubwa, na wa mwaka huo nilishautunga tangu mwezi wa sita, kabla ya rangi, kabla ya yote. Ulikuwa umekaa mdomoni.

Ningeweza kukaa. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Kukaa chini kunachukua nukta moja.

"Na Mzee Nahashon!" nikasema. "Akichuchumaa, magoti yanalia mpaka mpigaji anageuka nyuma anasema, karibu, mlango uko wazi!"

Mkahawa ukalipuka. Watu walipiga meza, chai ikamwagika. Nahashon alisimama, akanishika shingo kwa mkono mmoja, macho yamejaa maji ya kicheko, au ya kitu kingine.

"Na huyu dobi wenu," akatangaza, "mashuka yote ya Doha yamenyooka. Kitu kimoja tu kimemshinda kunyoosha: ule mpira wake!"

Edith hakucheka. Tulipokuwa tukishuka ngazi alinishika mkono wa shati.

"Umefanya nini?"

"Nilishindwa, dada."

"Orodha ilienda jana. Kamwambie. Si kesho, leo."

Leo yenyewe alikuwa amezungukwa na watu. Kesho yake nilikuwa na mahoteli manne. Nikajiambia nitakwenda Ijumaa, niwe na nafasi, niipange vizuri. Wiki nzima niliipanga. Mtu mwenye maneno kama mimi, nilikosa sentensi moja.

Ijumaa nikaenda chumbani kwake, Industrial Area, vitanda sita, chake cha chini karibu na dirisha. Nilimkuta anaipaka glavu mafuta kwa kitambaa cha fulana.

"Dobi! Kaa. Usikalie hiyo mashuka, utaanza kuihesabu."

"Mzee, ile tikiti ya Oktoba..."

"Nilikataa. Nilitia sahihi Jumapili, nikawaambia Januari." Akainama juu ya glavu. "Mama amekasirika, akakata simu. Hajawahi kunikatia simu. Lakini atapoa. Nimemwambia nina kazi bado."

Hapo pia ningeweza kusema. Badala yake nilisema utani fulani kuhusu mafuta yale, kwamba apake na magoti. Akacheka, nikarudi na gari langu. Oktoba yote niliishi hivyo, namkwepa siku za mazoezi kwa kisingizio cha mahoteli. Edith alinipigia simu mara tatu. Mara ya nne hakupiga. Alisema baadaye kwamba alidhani nimeshamwambia, kwa kuwa hakuna binadamu angeweza kukaa nalo muda wote ule.

Mechi ya kwanza ilikuwa Ijumaa ya pili ya Novemba. Hewa ilikuwa imeanza kupoa. Kwenye lango la uzio alisimama bwana mmoja wa ligi, Mfilipino mpole, na karatasi zake. Anaita jina, mtu anaonyesha aidii, anapita. Nahashon alikuwa kwenye foleni, kavaa kila kitu: kinga za kifua, kinga za miguu, barakoa kaipandisha juu ya kichwa. Majina yakaisha. Yeye akabaki nje ya uzio.

"Angalia tena," akamwambia yule bwana kwa upole. "Nahashon Kirimi."

Bwana akaangalia tena. Akamgeuzia karatasi ajionee mwenyewe.

Nahashon aliisoma kwa kidole, jina kwa jina, mpaka chini. Kisha akanitafuta kwa macho. Nilikuwa ndani, mita tatu kutoka kwake, kati yetu ule wavu. Alinitazama mara moja tu. Aliinama akaanza kufungua mikanda ya miguu, mmoja mmoja, akamwita Kevin aje kwenye lango.

"Chukua. Zitakutosha. Huu wa kushoto ukaze sana, huwa unalegea."

"Mzee, hii si poa," Kevin akasema. Alikuwa karibu kulia. "Si nikupee nafasi yangu, niambie wanitoe."

"Hawatoi. Enda, wanakungoja."

Nikasogea kwenye wavu.

"Orodha ilitumwa lini?" akaniuliza.

"Alhamisi."

"Na kusomwa kulikuwa Ijumaa."

"Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mlinzi anayeandika saa ya mtu kuingia. "Sawa. Asante, Bwana Idrisa."

Kwa miaka minne sikuwahi kuwa Bwana Idrisa.

Alikaa nje ya uzio mpaka mwisho, akampigia Kevin makofi. Tulishinda. Ijumaa zilizofuata alikuja vilevile, akawasalimia wote, na wote akawatania. Alimwambia Laban amenona kama mbuzi wa harusi. Alimuuliza Vuai kama feni haijambo. Akifika kwangu anasema, "Habari za kazi? Nzuri? Haya, asante." Nilimchokoza kwa kila nilichonacho. Nilimwita babu, nilimwita mtu wa makumbusho, nilimwambia aidii yake iliandikwa kwa kalamu ya manyoya. Alitabasamu vile mtu anavyomtabasamia mtoto wa jirani, akapita.

Wiki ya pili ya Desemba mama yake akafariki. Alilala mchana hakuamka. Karatasi za Nahashon za kuondoka zilikuwa zimeshapangwa za Januari. Kuzirudisha nyuma kulihitaji siku kumi, na kule walizika siku ya nne. Alitazama maziko kwenye simu, kitandani, wenzake wa chumba wamekaa chini wamemzunguka. Hilo aliniambia Kevin. Mimi sikuitwa.

Ijumaa Wakenya walikusanyika Mesaimeer kumfariji. Nilikwenda na Edith, nimebeba sufuria la pilau. Nahashon alikuwa mlangoni, anapokea watu. Njia nzima nilikuwa nimeomba kitu kimoja: anikunje shati, anitukane mbele ya watu wote, aniite muuaji, chochote. Nilifika mbele yake nikasema, "Pole sana, mzee. Kosa ni langu."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante sana kwa kuja, Bwana Idrisa. Samahani, viti vimekuwa vichache. Tafadhali, karibu chai."

Nilikunywa ile chai. Ilikuwa na sukari nyingi, nami nikaimaliza.

Mkakati ulifanya kazi, watu wanapenda kuniuliza hilo. Machi tulimaliza ligi wote kumi na sita, nafasi ya tatu, hakuna aliyekosekana hata siku moja. Timu mbili nyingine nasikia sasa nazo zinatumia rangi. Edith ameuacha uenyekiti.

Lakini Januari bado sijaisimulia. Tarehe kumi na tisa niliomba kumpeleka uwanja wa ndege. Alikubali. Alisema, "Kama si usumbufu." Nikampakia asubuhi, masanduku mawili yakalala nyuma juu ya magunia ya mashuka. Glavu hakuibeba; ile alikuwa ameshampa Kevin. Alikaa kiti cha mbele, mikono juu ya mapaja, anatazama barabara aliyoipita miaka kumi na sita kwenye basi la kampuni. Harufu ya wanga wa nguo imejaa, na zamani harufu hiyo peke yake ingemtosha utani mpaka tufike. Nilimngoja kwenye kila taa nyekundu.

"Masanduku mazito," nikasema. "Umeiba kampuni?"

"Ni nguo tu."

Tukafika. Nikamfungulia mlango. Aliweka mguu chini, kisha wa pili, na alipoinuka magoti yakalia, yote mawili, kwa sauti, pale mbele ya abiria na matoroli yao. Tulisikia wote wawili. Nilimtazama. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu, karibu, mlango uko wazi, na nadhani aliliona limefika, kwa sababu alisimama kidogo, akasubiri.

Sikuweza kulitoa.

Akayashika masanduku yake. "Asante sana, Bwana Idrisa," akasema. "Samahani kwa usumbufu."

Akaingia ndani.